Pampu ya Petroli: Ipi Itufikishe Kibuta?

Ndugu msomaji, yamkini nawe ni mfanyakazi wa mjini mwenye gari kuukuu na wazazi shamba. Basi waelewa kwamba gari la namna hiyo si anasa. Wazazi wangu wanaishi Kibuta, wilayani Kisarawe, na gari letu ndilo limchukualo mama hospitali maradhi yamzidipo. Pampu yake ya petroli ilipokufa, ununuzi wa nyingine ukawa shauri la nyumba nzima.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni pampu ndogo ya umeme itumikayo katika magari ya kabureta. Bei yake huvutia, lakini cha rahisi ni ghali. Kabureta hutosheka na msukumo wa nusu bari au chini ya hapo, ilhali injini kama yetu, inyunyiziwayo petroli kwa nozeli, huhitaji takriban bari 3. Kwa pampu hiyo gari haliwaki, au likiwaka halina nguvu ya kupanda milima ya Pugu.

Ya pili ni pampu yenye nguvu ya kutosha, ila hufungwa nje, chini ya gari. Magari mengi ya nozeli ya miaka ya 1970 na 1980 yaliundwa hivyo. Fundi huifikia kwa urahisi. Hata hivyo, pampu hizo hodari wa kusukuma ni dhaifu wa kuvuta. Sharti zikae karibu na tangi, chini ya kimo chake. La sivyo, petroli ivutwayo wakati wa joto hugeuka mvuke, na gari huzima njiani. Isitoshe, kiungo kilichofungwa ovyo kikiachia, petroli hufoka kwa kasi karibu na bomba la moshi, nao watoto wamo ndani.

Ya tatu ni ile ikaayo ndani ya tangi, kama mtengenezaji alivyoliunda gari letu. Petroli huizunguka, huipoza na kuilainisha. Wapo waogopao umeme ndani ya petroli. Lakini mvuke wa tangini huwa mwingi mno kwa hewa iliyomo, hivyo hauwaki.

Tulichagua hiyo ya tatu, japo ilitulazimu kungoja mshahara, na sare mpya za watoto zikaahirishwa. Kwa majuma mawili mama alisafiri kwa basi, naye hakunung'unika.

Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha, mtake fundi apime kwanza fyuzi, rilei na nyaya, kisha msukumo kwa geji, kwani huenda pampu haina kosa. Ukifunga mpya, badili na chujio. Hali kadhalika, usiache petroli ishuke chini ya robo tangi, maana pampu ikosayo kupozwa haidumu. Robo hiyo ndiyo bima ya mgonjwa wako usiku wa manane.