Majina Ukutani

Ndugu walimu, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Napenda kuwasimulia habari za mji uliozama majini, lakini daftari lake likasalimika. Nami nitaeleza kwa nini habari hizo zilinitia aibu.

Mji huo ni Faras, uliokuwa ukingo wa magharibi wa mto Nile, mpakani mwa Sudani na Misri. Maji yatokayo ziwani hapa kwetu Jinja ndiyo yapitayo huko. Zamani uliitwa Pachoras, nao ulikuwa makao makuu ya Nobadia, mojawapo ya falme za Nubia. Katika karne ya 6 wamisionari kutoka Konstantinopoli waliufikia ufalme huo. Mwaka 707 Askofu Paulos alijenga kanisa kuu, akaacha mawe mawili ya ukumbusho: moja liliandikwa Kiyunani, jingine Kikopti. Baadaye watu wa Nubia waliandika hata lugha yao wenyewe, kwa herufi za Kiyunani na Kikopti walizoziongezea nyingine chache zilizotoka katika maandishi ya kale ya Meroe.

Ukristo ulipofifia huko, mchanga wa jangwani ulilijaza kanisa. Mwaka 1961, Bwawa Kuu la Aswan likiwa linajengwa, wataalamu wa Poland wakiongozwa na Profesa Kazimierz Michałowski walianza kuufukua mchanga huo. Kumbe mchanga ndio uliozihifadhi kuta! Walikuta picha tele za rangi, wakabandua zaidi ya 120 kwa karatasi laini na nta. Baadhi zilipelekwa Warsaw, nyingine Khartoum. Mwaka 1964 kazi ilikoma, kisha maji ya bwawa yakaufunika mji.

Miongoni mwa picha hizo yumo Askofu Petros wa karne ya 10, uso wake mweusi, na nyuma yake amesimama Mtume Petro akimwekea mikono mabegani. Lakini kilichonigusa zaidi hakikuwa picha. Ukutani palikuwa na orodha ya maaskofu wa mji: majina 27, la kwanza Aetios. Wengi wao hatujui walihubiri nini wala walizikwa wapi. Hata hivyo wanaitwa kwa majina yao mpaka leo, kwa sababu mtu fulani alishika kalamu.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Katika kanisa dogo la kijijini kwetu palikuwa na majina ya walimu wa kwanza wa dini na kusoma, yameandikwa ukutani kwa rangi nyeusi. Ilipoundwa kamati ya ukarabati, mimi nilichaguliwa katibu. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: “Imekubaliwa kuta zote zipakwe chokaa.” Sikunakili hata jina moja. Nami ndiye niwafundishaye watoto kwamba maandishi ni akiba! Mama yangu alipoingia Jumapili iliyofuata, aliutazama ukuta mweupe, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, babu yako mmempeleka wapi?” Sikuwa na jibu.

Niliposoma habari za Faras nilikumbuka swali hilo. Maji ya bwawa zima hayakuyafuta majina ya maaskofu wale, lakini ndoo moja ya chokaa ilitosha kuwafuta walimu wetu. Nikachukua daftari, nikawaendea wazee nyumba kwa nyumba. Wanakubaliana kwamba majina yalikuwa kumi na moja. Mpaka sasa nimepata saba. La babu yangu lilikuwa la nne. La tano hakuna alijuaye, na mzee aliyekaribia kulikumbuka alifariki kabla sijarudi kwake.

Ndugu walimu, kila mmoja wetu anafundisha karibu na ukuta wa namna hiyo, au karibu na mzee ambaye yeye mwenyewe ndiye ukuta. Tuwatume wanafunzi wakaandike mapema, nasi tutangulie.