Jioni Moja Mjini Wellington

Mji wa Wellington, ulio mji mkuu wa Nyuzilandi, umejengwa kati ya bahari na vilima, na upepo wake haupumziki. Tulikwenda huko tukiwa na hamu ya kuiona kwa macho yetu nchi zilikopigwa picha za The Lord of the Rings, yaani Bwana wa Pete. Filamu hizo tatu, alizoziongoza Peter Jackson, mzaliwa wa nchi hiyo, zilitoka mwaka 2001, 2002 na 2003. Nyumbani kwetu tumezitazama mara nyingi, hata watoto huyajua maneno kabla hayajasemwa.

Asubuhi tulipanda mlima Victoria, wenye kimo cha mita 196, usio mbali na katikati ya mji. Katika msitu wake ndipo walipopigwa picha wale watu wafupi wanne wakijificha chini ya mizizi ya mti mkubwa, na juu yao mpanda farasi mweusi akinusa njia. Tuliutafuta mti ule tusiuone. Mwenyeji mmoja alicheka kwa upole, akatuambia kwamba ulikuwa mti wa kuigiza, kazi ya mafundi, nao ulikwisha ondolewa. Kilichobaki ni njia na kivuli. Tukajiuliza: basi, kile tulichokipenda kiko wapi?

Jioni tuliteremka mpaka jumba la sinema liitwalo Embassy, mwisho wa barabara ya Courtenay Place. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1924. Humo ndimo filamu ya tatu ilimoonyeshwa mara ya kwanza duniani, tarehe 1 Desemba 2003, na mwaka uliofuata ikatuzwa Oscar 11 huko Marekani. Jioni ile walikuwa wakiirudia.

Taa zikazimwa. Kwa muda wa saa tatu na dakika 21 hakuna aliyeinuka kupokea simu, wala aliyeweza kuisimamisha picha. Ikafika pale Frodo, aliyechoka kwa uzito wa pete, anapoanguka mlimani, na Sam, rafiki yake, anamtwika mgongoni. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sam hakuuona hivyo. Jumba lote likanyamaza. Mzee aliyeketi kando yetu, tusiyemjua, alikuwa akifuta machozi, nasi pia.

Ndipo tulipokumbuka jioni nyingine, nyumbani. Tulifika mahali pale pale pa mlima, simu ikalia, tukaisimamisha picha. Mazungumzo yakawa marefu. Mtoto wetu mdogo akauliza: «Baba, watafika lini juu?» Tukamwashiria kwa mkono angoje. Tuliporudi alikuwa amelala sakafuni. Siku ile tulilichukua jambo hilo kuwa dogo. Katika giza la Embassy halikuwa dogo tena.

Hatusemi kwamba nyumbani ni pabaya. Katika miji mingi hakuna jumba la sinema, na si kila jamaa ina fedha za kulipia viti. Tena nyumbani mama aweza kumfafanulia mtoto anayeogopa, na bibi aweza kuketi kwa raha. Lakini nyumbani sisi ndisi mabwana wa picha, nasi huikatakata tupendavyo. Katika jumba la sinema tunaipokea nzima, pamoja na jirani. Kumbe kile tulichokitafuta msituni kilikuwa katika kutazama pamoja mpaka mwisho.

J. R. R. Tolkien, aliyekitunga kitabu chenyewe, alikuwa Mkatoliki. Mama yake alifariki mwaka 1904, naye akiwa mtoto wa miaka 12, akalelewa chini ya ulinzi wa padre mmoja wa Birmingham. Katika kitabu chake pete inateketezwa tarehe 25 Machi, siku ambayo Kanisa huadhimisha Bikira Maria kupashwa habari na malaika. Kitabu kama hicho hakikuandikwa kwa ajili ya kupitisha saa tu. Chatufundisha kwamba hakuna afikaye mlimani peke yake.

Tuliporudi kwetu tuliweka desturi mpya. Siku ya picha, simu zote hutiwa katika kikapu, ya baba ikiwa ya kwanza. Kazi za jikoni humalizwa mapema, na wote husaidia, ili mama naye aketi. Taa huzimwa, na hakuna ruhusa ya kusimamisha picha ila kwa shida ya kweli.

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, yule mtoto mdogo alikesha mpaka mwisho, kichwa chake kikiegemea bega letu. Pete ilipoanguka motoni alituangalia, akasema kwa sauti ndogo: «Baba, leo tumefika.»