Tulipanda Mikoko Shambani mwa Mtu

Huenda nawe umepata kujitolea siku ya Jumapili: kuzoa taka za mtaa, kuchimba mtaro wa shule, kupanda miti. Basi utanielewa nikisema kwamba hakuna uchovu mtamu kama ule. Mimi niliuonja mwaka 2024 katika delta ya Rufiji, na leo nataka kukusimulia jinsi tulivyokosea.

Mwaka ule ulikuwa mzito kwa watu wa huko. Mwezi Aprili mafuriko yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti; tarehe 4 Mei, kabla watu hawajapata kupumua, Kimbunga Hidaya kikafika Mafia, ng'ambo tu ya midomo ya mto. Kazini kwetu tukachangishana, tukapata unga na mablanketi. Ndipo mmoja wetu akasema: twende pia tukapande mikoko. Wazo likatupendeza sote. Nani asiyejua kuwa mikoko huvunja nguvu za mawimbi? Na delta hiyo ina karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara.

Julai tukaenda. Tuliiacha lami Bungu, tukateremka hadi Nyamisati, tukapanda mashua. Kijijini tulikabidhi unga, kisha tukaonyeshwa mahali pa kupanda. La, niseme kweli: hatukuonyeshwa. Tulijichagulia wenyewe uwanda wa tope usio na mti, wenye visiki tu, tukadhani ni kimbunga kilichofanya kazi hiyo.

Mbegu ya mkoko, kama hujapata kuiona, huota ingali mtini. Huning'inia kama mkuki wa kijani, na ikidondoka huweza kujichoma topeni ikasimama. Mpandaji hana jingine ila kuidunga. Kufika adhuhuri tulikuwa tumedunga zaidi ya 300, kwa mistari iliyonyooka kama gwaride, na picha tukapiga.

Jioni akaja mama mmoja wa makamo, khanga kaifunga kiunoni. Alitusalimu, akatushukuru kwa unga. Kisha akasema, kwa upole uliotuumiza kuliko matusi: “Wanangu, hapo mlipopanda ndipo ninapolima mpunga.”

Visiki vile havikuwa vya kimbunga. Vilikatwa na marehemu mumewe. Mahali ambapo maji matamu ya mto huishinda chumvi ya bahari, watu wa delta hufyeka mikoko wakapanda mpunga, na hujenga madungu juu ya nguzo ili wakae humo kuamia ndege na kufukuza nguruwe. Ardhi hiyo haidumu. Kaa hukata miche michanga, magugu hulishinda jembe, na baada ya misimu kadhaa mkulima huhama akafyeka pengine. Kisheria mikoko yote ya Bara ni hifadhi ya Serikali, na mvutano juu ya mpunga huo ni wa miaka mingi. Mimi sina jibu lake. Nilichokijua jioni ile ni kwamba mpunga wa mama yule ulikuwa umekwenda na maji, nasi tuliokuja kumsaidia tulikuwa tunamnyang'anya wa msimu ujao.

Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba miche ibaki, kwa kuwa msitu ni wa wote.

“Ni wa wote, baba,” mama akajibu. “Na njaa je, ni ya nani?”

Asubuhi tukaing'oa. Mama akatuongoza hadi konde aliloliacha miaka mitatu nyuma. Huko mikoko ilikuwa imeota yenyewe, mbegu zikiwa zimeletwa na maji, lakini mimea itambaayo ilikuwa imeifunika na kuikaba hata ikapinda mgongo. “Hii ndiyo inayotaka watu,” akasema.

Tulishinda siku nzima tukifyeka, magoti yamezama topeni, tukikata polepole tusije tukaukata na mkoko wenyewe. Watu 11 tulimaliza kipande kama viwanja viwili vya mpira wa wavu. Hakuna aliyetoa kamera. Mtu apige picha ya magugu yaliyolala? Ile miche tuliyoing'oa tukaidunga kandokando ya mkondo, pale alipotuelekeza yeye.

Nilirudi Mei 2025, safari hii peke yangu. Kandokando ya mkondo niliikuta miche 19 hai; nilihesabu mara mbili. Kule kondeni mikoko ilikuwa imenifika kifuani, imesimama wima, ila mimea itambaayo ilikwisha kuanza kuipanda tena.

Mpunga wa mama ulikuwa umetoa masuke, naye yuko dunguni anaamia ndege. Aliponiona hakushuka. Aliitikia salamu yangu, kisha akaninyoshea kidole panga lililoegemezwa kwenye nguzo ya dungu.