MUNGU ALIMTOA ABRAMU NJE



Wiki hii nakuomba utafute giza. Usishtuke, nisikilize.

Jumapili moja ya Februari niliweka wakfu mtoto mchanga madhabahuni. Nilitabasamu, lakini moyoni nililia. Mimi na mama mchungaji tumengoja mtoto miaka 11. Nimewaombea akina mama wengi, wakajibiwa. Sisi bado.

Usiku huo ndugu mmoja wa kanisa akaniambia, "Pasta, twende." Hapa Lwakhakha senta, taa za maduka na za mpakani zimefunika mbingu. Akanipeleka kwa boda hadi shambani kwake, upande wa mlimani. Mahindi yalishavunwa, hapakuwa na taa wala mwezi.

Mwanzo sikuona kitu. Akasema, "Zima simu. Macho yanataka kama dakika 30." Nikazima. Baadaye nikaiwasha kidogo tu kuangalia saa, nikajikuta kipofu tena. Ikabidi nianze upya.

Kisha nikaziona! Orioni juu ya kichwa, na Kilimia kando yake, zile zile zinazotajwa katika Ayubu 38:31. Nikaanza kuhesabu, nikashindwa.

Soma Mwanzo 15. Abramu alimlalamikia Mungu kwamba hana mtoto. Kabla ya kumwambia kwamba uzao wake utakuwa kama nyota, Mungu alimtoa nje. Na usifikiri Isaka alizaliwa mwaka uliofuata. Ishmaeli alizaliwa Abramu akiwa na miaka 86, Isaka akiwa na 100. Kwa hiyo baada ya usiku ule alingoja miaka 14 na zaidi. Nyota zilikuwa pale kila usiku.

Mpendwa, sikuletei ushuhuda wa mtoto leo. Nakuletea huu: nyota hazikuwashwa usiku ule. Zilikuwepo siku zote, ni mimi niliyekaa kwenye taa.

Kama uko Kitale au Bungoma mjini, ondoka karibu na mulika mwizi. Chagua usiku usio na mwezi wala mawingu, mahali pa wazi pa mtu unayemfahamu, na usiende peke yako. Zima simu. Ngoja. Halafu mwambie Mungu lile ambalo hujamwambia mtu.

Unangoja nini? Andika AMINA, nami usiku wa leo nitakuombea. Na wewe utuombee sisi.

Ubarikiwe.