Mjomba, Nimechagua Fremu ya Chuma

Barua kutoka Sheffield

 

Mjomba, umeniuliza kwa nini mtu aliye Uingereza, ambako maduka yamejaa baiskeli zilizokwisha kufungwa, anahangaika miezi kutafuta fremu tupu, tena ya chuma. Swali lako ni la fundi baiskeli, nami nitalijibu kifundi. Wanaoisoma barua hii gazetini wakichoka na vipimo wanaweza kuviruka. Wewe najua hutaviruka.

Nianze na ardhi, maana fremu huchaguliwa kwa njia itakayopita. Hapo kwenu Tanga ni tambarare, na ndiyo maana mji mzima unaendesha baiskeli. Sheffield ni vilima vitupu. Nyumba za upande wa magharibi zinapoishia ndipo inapoanza Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hii, iliyotangazwa mwaka 1951. Treni ya bonde la Hope inakushusha Edale pamoja na baiskeli yako kwa nusu saa hivi, na ukitoka stesheni unaanza kupanda. Njia ni za mawe magumu yenye kukwaruza, ngazi zilizolika kwa maji, halafu matope meusi yanayoshika gurudumu. Si kila njia inaruhusiwa. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa waendesha baiskeli haki ya kutumia njia za farasi, kwa sharti la kuwapisha wapanda farasi na watembea kwa miguu. Vijia vya waenda kwa miguu pekee havimo. Kwa hiyo safari hupangwa kwa ramani, na ukishuka mteremko wa Jacob's Ladder mkono hauachi breki.

Matope hayo ndiyo yaliyoniondolea wazo la shokapu ya nyuma. Baiskeli ya shokapu mbili ina maungio yanayocheza, kila ungio na beringi zake, na majira yote ya baridi maji na mchanga mwembamba huingia humo. Beringi zinakwisha, unazing'oa kwa kuzigonga, unanunua nyingine. Nafanya kazi ya zamu, Mjomba. Siku yangu ya mapumziko nataka niende mlimani, nirudi, nioshe, nipake mnyororo mafuta, niitundike ukutani. Shokapu ya mbele inanitosha.

Sasa tuje kwenye chuma. Fremu za baiskeli nyeusi za mizigo unazozifunga kila siku zina bomba zito, lenye unene uleule toka ncha hadi ncha. Fremu ninazozizungumzia mimi ni za ukoo mwingine. Mwaka 1897, huko Birmingham, Alfred Reynolds alisajili hataza ya bomba ambalo ukuta wake ni mnene kwenye ncha, pale linapoungwa, na mwembamba katikati, ambako mzigo ni mdogo. Kwa nje huoni tofauti. Yote iko ndani. Hadi leo fremu nzuri hujengwa kwa bomba la namna hiyo: tuseme milimita 0.9 upande mmoja, 0.6 katikati, 0.9 upande wa pili. Kampuni yake ilitoa chuma cha 531 mwaka 1935, chenye manganizi na molibdeni, na mwaka 1995 ikatoa 853. Hicho cha 853 ndicho ninachotaka ukijue. Chuma cha kawaida cha kromu na molibdeni, kile cha 4130, hupoteza nguvu kidogo kandokando ya mahali palipopigwa moto. Chuma cha 853 kikichomelewa kisha kikapoa hewani, sehemu hiyohiyo inaongezeka nguvu. Mjenzi anapata ruhusa ya kutumia ukuta mwembamba bila kuliogopa ungio lake mwenyewe. Kwa mtu aliyewahi kuona bomba limekatika milimita chache tu kutoka kwenye weldi, hilo ni jambo kubwa sana.

Utasikia watu wakisema chuma ni laini, kwamba fremu yenyewe inameza mashimo. Mimi siwaungi mkono moja kwa moja. Fremu ya pembetatu mbili haibonyei kwenda chini kiasi cha mwili kuhisi. Tairi la inchi 2.4 lenye upepo mdogo linabonyea mara nyingi zaidi. Anayetafuta starehe aanze na tairi. Ninachokisikia mimi kwenye chuma ni cha ubavuni: ukikanyaga jiwe kwa upande, bomba jembamba hujipinda kidogo, na gurudumu la nyuma likaendelea kushika njia badala ya kurushwa. Sababu yake ni hesabu tu. Aluminiamu ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma, lakini na ukaidi wake wa kutopinda ni theluthi vilevile. Ili iwe imara lazima bomba lipanuliwe kipenyo, na bomba la kipenyo kikubwa haliachii chochote. Kuna na suala la kuchoka kwa metali. Chuma kina kiwango ambacho, mzigo ukibaki chini yake, kinaweza kutikiswa karibu bila mwisho. Aluminiamu haina kiwango hicho, kwa hiyo mjenzi hujihami kwa kuongeza unene.

Uzito ndiyo gharama. Fremu ya chuma ya kazi hii huwa kilo mbili na nusu hivi, nusu kilo au zaidi juu ya mwenzake wa aluminiamu. Zamani zilikuwa nyepesi kidogo. Kisha mwaka 2005 Ulaya ikaweka kiwango cha EN 14766, ambacho nafasi yake sasa imechukuliwa na ISO 4210, chenye majaribio makali, na wajenzi wengi wakalazimika kuongeza chuma. Sioni vibaya. Shingo ya fremu ikikatika mteremkoni yanayolipa ni meno na mifupa ya mwendeshaji.

Hilo la fremu kukatika ndilo lililozaa baiskeli za mlima zenyewe. Miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California, walikuwa wakishuka vilima vya pembeni mwa Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za Schwinn za matairi manene. Breki zao zilikuwa zile za kukanyaga pedeli kinyumenyume, na mteremko mmoja ulichemsha grisi ya habu mpaka ikaungua, ikabidi kila baada ya mbio waipakie upya. Mteremko huo wakauita Repack. Fremu za zamani hazikuhimili. Mwaka 1977 Joe Breeze alijenga baiskeli mpya kwa bomba za kromu na molibdeni, ya kwanza kubuniwa mahsusi kwa kazi hiyo, na mwaka 1979 Tom Ritchey alikuwa akiwajengea Gary Fisher na Charlie Kelly fremu za kuuza. Waanzilishi wa kazi hii walikuwa mafundi kama wewe, na malighafi yao ilikuwa chuma.

Nimefika kwenye umbo, na hapa nitakaa. Fremu hununuliwa kwa vipimo vyake kwanza, jina la bomba baadaye. Bomba zuri kwenye umbo baya ni hasara. Watu wengi hapa wanafanya kinyume: wanaona kibandiko cha Reynolds, roho inatulia, wanalipa.

Pembe ya shingo ndiyo ya kwanza kuitazama. Miaka ya 1990 ilikuwa nyuzi 71 hivi. Leo fremu za njia za mawe zina nyuzi 64 hadi 66. Pembe ikilala, gurudumu la mbele linakaa mbali mbele yako, na ukishuka ngazi ya mawe huna hofu ya kupitiliza juu ya usukani. Lakini baiskeli ya shokapu ya mbele tu ina tabia yake. Ukiikalia, mbele inazama na nyuma inabaki palepale. Foku yenye mwendo wa milimita 120 ikizama robo, yaani milimita 30, pembe inasimama kwa uzi mmoja na nusu hivi. Ukibana breki mteremkoni inazama tena, na ile 66 uliyoisoma kwenye karatasi inakuwa 68 na zaidi, wakati uleule ulipoihitaji ilale. Muuzaji aulizwe pembe imepimwa foku ikiwa imenyooka au imezama. Baadhi ya wajenzi huandika zote mbili, na nawaheshimu kwa hilo.

Kwa sababu hiyohiyo sitaki foku ya milimita 160, ingawa zipo na vijana wanazipenda. Kadiri mbele inavyoweza kuzama ndivyo umbo linavyoyumba kati ya kupanda na kushuka, kwa kuwa nyuma hakuna kitu cha kuzama nayo. Milimita 120 hadi 140 zinatosha mawe ya huku. Na fremu ina kikomo chake cha urefu wa foku: ukizidisha, unaongeza nguvu inayoipinda shingo, na mjenzi hawajibiki tena.

Kipimo cha pili ni umbali wa mlalo kutoka kiini cha krenki hadi mdomo wa juu wa shingo. Sisi tulizoea kumpima mteja kwa urefu wa bomba la siti na kama miguu inafika chini. Kwa mwendo wa barabarani inatosha. Mlimani unasimama juu ya pedeli muda mwingi, siti imeshushwa, na nafasi yako yote iko kati ya miguu na mikono. Hapa tena shokapu ya mbele inabadilisha hesabu: mbele ikizama, umbali huo unaongezeka. Namba iliyofaa kwenye baiskeli ya shokapu mbili itakuwa ndefu kidogo kwenye hii. Umbo langu unalijua, miguu mirefu ya babu na kiwiliwili kifupi. Kwa kufuata kimo peke yake ningepewa saizi kubwa; kwa kufuata mikono na mgongo nimechukua ya kati, yenye bomba fupi la siti ili siti inayoshuka kwa kitufe izame mpaka mwisho.

Nyuma, urefu kutoka kiini cha krenki hadi ekseli huwa milimita 415 hadi 440. Mfupi unanyanyua gurudumu la mbele kwa urahisi. Mrefu unapanda mlima mkali bila mbele kuelea. Mimi napanda zaidi kuliko ninavyoruka, kwa hiyo nimelenga 430 hivi. Muhimu kuliko milimita hizo ni nafasi ya matope kati ya tairi na bomba. Tairi linaloenea kwa shida dukani likiwa kavu, Januari litakwama.

Mengine nitayapitia haraka. Ekseli ya nyuma ya milimita 148 kwa 12, kwa sababu ndiyo iliyoenea na vipuri vitapatikana. Nyumba ya krenki iwe ya kufunga kwa hesi, ile ambayo kikombe cha kulia kinafunguka kinyume kama unavyokijua, si ya kugandamiza ambayo hulia baada ya muda. Kebo zipite nje ya bomba. Fundi anayezificha kebo ndani ya fremu hajawahi kuzibadilisha mvua ikinyesha.

Kutu usiwe na wasiwasi nayo sana. Kwenu ni chumvi ya bahari, huku ni chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na dawa ni ileile. Nta au mafuta ya kulinda hupulizwa ndani ya bomba kabla ya kufunga kitu chochote, na tundu la kutolea maji chini ya krenki halizibwi. Kinachoua fremu ya chuma ni maji yaliyolala ndani.

Kuhusu bei: nyingi ni kati ya pauni 500 na 1,000, na zinazochomelewa humu humu Uingereza zinapita hapo. Kuna mpango ambao mwajiri hukununulia baiskeli ukakatwa kidogo kidogo kabla ya kodi, na umewasaidia wengi wetu tunaoishi kwa mshahara. Lakini ni wa baiskeli kamili, kwa kawaida fremu tupu haimo. Nimelipa kwa akiba yangu. Nilitazama fremu za Chromag wa Whistler, Kanada, na za Surly wa Minnesota, ambao Karate Monkey yao ya mwaka 2002 ni kati ya fremu za kwanza za magurudumu ya 29. Nzuri zote. Nimechukua ya Cotic, watu wa hapa Peak District waliopo tangu 2003, kwa kuwa wanaijaribu kwenye mawe yaleyale nitakayoipitisha. Magurudumu ya 29, foku ya milimita 130. Foku, magurudumu na breki navihamisha kutoka baiskeli yangu ya sasa.

Fremu hii ikipasuka siku moja, itatengenezeka. Si kwa mashine ya umeme ya kuchomelea mageti, maana ukuta wa milimita 0.6 utatoboka papo hapo. Inataka gesi na shaba, au weldi ya TIG, na mkono wenye subira kama wako. Wenye mkono huo hapa ni wachache, na kazi yao inalipwa vizuri. Nakuomba, Mjomba, mfundishe mdogo wangu kuchomelea kwa gesi mwaka huu, kabla mitungi yako ya gesi haijauzwa.