Duxford: Tuliposimama Chini ya Ndege Zilizotuangalia

Kusini mwa mji wa Cambridge, Uingereza, mwendo mfupi kwa gari, upo uwanja wa kale wa ndege za kijeshi uitwao Duxford. Leo uwanja huo ni makumbusho. Familia huja na vikapu vya chakula, watoto hukimbia kati ya mabanda, na ndege ndogo za zama za vita hupita juu yao zikinguruma. Sisi tulikuwa wageni wa familia moja ya Waswahili wanaoishi Cambridge, nao ndio waliotupeleka, wao na watoto wao. Yapo mengi ya kuona, na kiingilio chake si haba, lakini tulilolifuata ni jengo moja: jumba la ndege za Kimarekani, lililosanifiwa na Norman Foster na kufunguliwa mwaka 1997. Paa lake ni zege lililopinda kama gamba la kobe, na upande wa mbele wote ni kioo. Humo zimo ndege mbili zilizoundwa kwa siri kubwa na kwa kazi moja tu: kupiga picha nchi za watu pasi na idhini yao. Miongoni mwa nchi hizo zimo nchi za Waislamu.

Ya kwanza ni U-2, iliyoning'inizwa juu. Ni nyembamba, na mabawa yake ni marefu kupita kiasi: mita 24 hivi kutoka ncha hadi ncha, ilhali mwili wenyewe una urefu wa mita 15. Iliundwa na kampuni ya Lockheed kwa ajili ya shirika la ujasusi la Marekani, CIA, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1955. Ilipanda zaidi ya kilomita 20 kwenda juu, mahali ambapo hewa ni haba mno hata rubani hana budi kuvaa vazi la kumbana mwili, ama sivyo maji ya mwilini mwake yatatokota. Magurudumu yake yamefuatana kama ya baiskeli, kwa hiyo ikishatua na kusimama hulalia bawa moja.

Binti wa wenyeji wetu, mwenye umri wa miaka tisa, aliitazama kwa muda kisha akauliza, "Mjomba, watu waliokuwa chini walijua kama wanapigwa picha?"

"Wakubwa wao walijua, mwanangu. Wao hawakujua."

Na ndivyo ilivyokuwa. Safari ya kwanza juu ya ardhi ya Umoja wa Kisovieti ilifanyika tarehe 4 Julai 1956, na rada za Kisovieti ziliiona ndege hiyo. Moscow ikapeleka malalamiko kimyakimya, kwa kuwa haikuwa na silaha ya kuifikia na iliona haya kuwaambia wananchi wake. Washington nayo ilikanusha, na wananchi wake hawakuambiwa kitu. Hivyo kwa miaka minne siri ile ilijulikana na serikali mbili zilizohasimiana, ikafichwa kwa raia wa pande zote mbili. Mwaka huohuo wa 1956, U-2 zilizowekwa Uturuki zilipiga picha za Misri wakati wa vita vya Suez.

Siri ilifichuka tarehe 1 Mei 1960. Rubani Francis Gary Powers aliondoka Peshawar, Pakistani, akikusudia kuvuka nchi nzima ya Wasovieti na kutua Bodø, Norway. Alidunguliwa kwa kombora karibu na mji wa Sverdlovsk. Marekani, ikidhani amekufa, ilitangaza kuwa ndege hiyo ni ya kuchunguza hali ya hewa na imepotea njia. Baada ya siku chache Khrushchev akawaambia walimwengu kwamba rubani yu hai na amekwisha kukiri. Rais Eisenhower hakuwa na njia ila kukubali, na mkutano wa wakuu uliopangwa kufanyika Paris ukavunjika. Powers alihukumiwa kifungo cha miaka 10, lakini Februari 1962 akabadilishwa kwa jasusi wa Kisovieti, Rudolf Abel, kwenye daraja la Glienicke huko Berlin. Kisa hiki husimuliwa sana, na filamu zimetengenezwa. Kinachopitwa haraka katika masimulizi hayo ni Peshawar yenyewe. Khrushchev alionya hadharani kwamba mji huo umekwisha kutiwa alama kwenye ramani. Muuza vitambaa wa sokoni, aliyeamka alfajiri akaswali na kufungua duka lake, alikuta mji wake umewekwa shabahani kwa jambo ambalo hakuulizwa wala hakuambiwa.

Ndege ya pili ni SR-71. Hii ni nyeusi tii, bapa na ndefu, na tuligundua kwamba watu wanaoizunguka hupunguza sauti zao. Zilitengenezwa 32, 12 zilipotea katika ajali, wala hakuna hata moja iliyodunguliwa na adui. Mwaka 1976 ndege za aina hii ziliweka rekodi ya mwendo wa zaidi ya kilomita 3,500 kwa saa. Kwa mwendo huo, Dar es Salaam hadi Mombasa ni dakika tano au sita. Hii iliyopo Duxford ndiyo iliyoweka rekodi ya kimo mwaka huohuo, karibu kilomita 26. Mwili wake, kwa sehemu kubwa, ni titaniamu, na sehemu ya madini hayo Wamarekani waliinunua kwa hila, kupitia watu wa kati, kutoka kwa Wasovieti walewale waliokuwa wakipelelezwa. Kwa kuwa joto la mwendo hulitanua bati lake, viungo viliachwa vilegee, na ndege ikiwa ardhini mafuta huvuja. Watoto walilifurahia hilo kuliko rekodi zote.

Oktoba 1973, katika vita ambavyo Waarabu huviita Vita vya Ramadhani, SR-71 iliruka kutoka Marekani, ikavuka Bahari ya Atlantiki, ikapiga picha za medani ya Misri, Shamu na Israeli, kisha ikarudi kwao bila kutua popote, ikijazwa mafuta angani.

Ndege ya tatu ya ukoo huu haimo Duxford, lakini hatuwezi kuiacha. Ni F-117, ya kampuni ileile. Hii haikuundwa kupiga picha. Iliundwa kufuata palipokwisha kupigwa picha na kupalipua. Mwili wake ulikatwa mapandemapande kama kito, ili mawimbi ya rada yakiupiga yatawanyike pembeni badala ya kurudi yalikotoka. Hesabu zilizosaidia jambo hilo zilitokana na maandishi ya mwanasayansi wa Kisovieti, Pyotr Ufimtsev, yaliyochapwa wazi mwaka 1962. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1981, na haikutangazwa hadi Novemba 1988. Wapo wanaoisifu kwa ubingwa wake. Sisi tunaikumbuka kwa Amiriyah. Alfajiri ya tarehe 13 Februari 1991, F-117 zilidondosha mabomu mawili juu ya handaki la kujihifadhia katika mtaa huo wa Baghdad. La kwanza lilitoboa paa, la pili likapita ndani. Walikufa raia zaidi ya 400, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamelala. Marekani ilisema iliamini kuwa hapo ni makao ya uongozi wa kijeshi, na kwamba haikujua kuwa ndani mna raia. Jengo lilikuwa limechunguzwa. Waliolala ndani hawakuonekana.

Sura ya Al-Hujurat, katika aya yake ya 12, imekataza tajassus, yaani kuchunguza mambo ya watu yaliyositirika. Wanazuoni hawakulichanganya hilo na kulichunguza jeshi la adui vitani, kwani Mtume (S.A.W.) alimtuma Hudhayfa bin Al-Yaman (R.A.) kuingia katika kambi ya Makundi, usiku wa baridi kali, katika vita vya Handaki. Lakini aliagizwa alete habari tu, asizue jambo. Alikaa miongoni mwao, akamwona Abu Sufyan akiota moto, akaweza kumpiga mshale na akajizuia. Mpaka uliowekwa ulikuwa wazi, na aliyetumwa aliujua. Kamera iliyo kilomita 20 angani hupiga picha ya kambi na ya nyumba ya mjane kwa pamoja, na mwenye kuitafsiri yuko bara jingine.

Wala mambo haya hayako mbali nasi. Katika uwanja wa Manda Bay, Lamu, Wamarekani waliweka ndege za upelelezi kwa ajili ya vita vya Somalia. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab waliushambulia uwanja huo. Waliuawa Wamarekani watatu na ndege kadhaa zikateketea. Watu wengi wa pwani walijifunza kutokana na habari za shambulio hilo kilichokuwa kikiruka karibu na nyumba zao.

Tulipokaa kunywa chai, binti yule aliuliza swali jingine: picha zenyewe ziko wapi? Ni swali zuri, na jibu lake lilitushangaza sisi pia tulipolisoma. Picha za U-2 za Mashariki ya Kati zimekwisha kuondolewa usiri, na wanaakiolojia wawili wa vyuo vikuu vya Marekani, Emily Hammer na Jason Ur, wamezipanga na kuzichambua. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2019. Wamekuta humo mifereji ya kale ya kaskazini mwa Iraki na mitego ya mawe ya wawindaji katika jangwa la Yordani. Wamekuta pia vijiji vya Waarabu wa mabwawani, kusini mwa Iraki, watu waliojenga nyumba za matete juu ya visiwa vidogo na kutembeleana kwa mitumbwi. Katika miaka ya 1990 serikali ya Saddam iliyakausha mabwawa hayo, na watu wake wakatawanyika. Vijiji vile bado vimo katika filamu za rubani ambaye hakuwa akiwatafuta wao.