Mashuka ya Wodi ya Wanawake

Ilula yetu iko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, na kuendelea hadi Mbeya na mpaka wa Zambia. Msafiri huikumbuka kwa nyanya na vitunguu: matenga yaliyopangwa kando ya lami, na akina mama wanaokimbilia madirisha ya mabasi wakiwa na ndoo kichwani. Sisi tunaoishi hapa tunaijua kwa hesabu nyingine. Nyanya zikipata bei, ada ya shule inalipwa. Zikikosa bei zinaoza shambani, na mtoto anarudishwa nyumbani. Basi kila mwaka matokeo ya darasa la saba yanapotoka, wazazi wa usharika hutujia na swali lile lile: "Baba Mchungaji, tumpeleke binti kwa masista?"

Hawaulizi kuhusu hisabati. Wanajua shule za masista zinafundisha, na wanajua binti atalala mahali penye uzio na mlinzi. Wanachouliza, bila kukitamka, ni kama binti atarudi akiwa Mlutheri.

Swali hilo lina historia ndefu katika mkoa wetu. Wakatoliki na Walutheri tulifika katika nyanda hizi katika kizazi kimoja, mwishoni mwa karne ya 19. Kwao walitangulia Wabenediktini, kisha mwaka 1919 wakaja Wamisionari wa Consolata, na Tosamaganga ikawa kitovu cha kazi yao. Kwetu walikuja Wajerumani wa Misioni ya Berlin. Babu zetu walipokea Injili moja kwa milango miwili, na pamoja na Injili wakapokea ugomvi wa Ulaya ambao hawakuuanzisha. Wazee wanasimulia kwamba zamani mtu wa kijiji cha misioni moja hakuoa kijiji cha misioni nyingine bila vikao vingi. Mwaka 1969 ilitungwa Sheria ya Elimu, na shule nyingi za makanisa zikawa za serikali. Sekondari ya Tosamaganga leo ni ya serikali. Watoto wa madhehebu yote na wa Kiislamu wakakaa dawati moja, na tangu hapo ndoa za mchanganyiko zimekuwa nyingi kuliko vikao.

Lakini mabweni ya masista ni jambo jingine. Huko dini si kipindi kimoja cha wiki ambapo UKWATA wanakwenda darasa hili na TYCS lile. Huko dini ni ratiba ya siku nzima, kuanzia kengele ya alfajiri.

Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukienda kwenye shule moja ya namna hiyo, kufundisha Kipaimara watoto wetu wa Kilutheri na kuwapa Chakula cha Bwana. Shule hatutaitaja, kwa sababu wasichana wenyewe wataisoma habari hii na hawapendi kuelekezewa kidole. Walutheri pale ni wachache. Sista mkuu alitupa chumba cha darasa cha Kidato cha Pili, Jumamosi jioni, baada ya huduma.

Hiyo "baada ya huduma" ndiyo iliyotufanya tuandike.

Jumamosi shule ile haina masomo mchana. Wasichana hugawanywa makundi. Wengine huenda kwa wajane wazee, kuteka maji, kutafuta kuni, kukandika upya ukuta ulioanguka kwa mvua. Wengine hulima bustani, na mboga zake nusu zinaliwa shuleni, nusu zinatoka nje. Na kundi moja hupelekwa hospitali. Hospitali ya Ilula ni ya KKKT. Kwa hiyo wasichana wa masista wanakuja kuhudumu kwetu, katika nyumba yetu, na sisi wenye nyumba tunawatazama.

Anayezijua hospitali zetu anajua kwamba mgonjwa huja na ndugu. Ndugu ndiye anayepika, anayefua, anayemgeuza mgonjwa kitandani usiku. Manesi wanafanya yao, lakini hawawezi kuwa binti wa kila mtu. Asiye na ndugu anaona taabu. Barabara hii kuu imetuletea biashara, imetuletea pia ajali na ukimwi, na ukimwi ulituachia bibi wengi waliozika watoto wao wote. Bibi wa namna hiyo akilazwa, nani atamfulia?

Siku moja tulikuwa wodi ya wanawake kuombea wagonjwa, tukakuta bibi mmoja wa usharika wetu ameketi kitandani amevaa kanga safi, akilalamika kwa furaha kwamba uji wa leo una sukari nyingi. Binti mwembamba alikuwa anakunja mashuka. Bibi akamwuliza, kwa Kihehe kwanza, kisha kwa Kiswahili alipoona hakueleweka, "Wewe ni wa kanisa gani, mjukuu wangu?" Binti akajibu kwamba yeye ni Mwislamu, kwao ni Tanga. Bibi akafikiri kidogo. Akasema, "Haya, kunja na lile la pale."

Tulicheka, lakini tulitoka pale na mzigo. Chuoni tulifundishwa vizuri kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, kwa imani, wala si kwa matendo. Hilo tutalihubiri mpaka tuzikwe. Ila tumeona, na hili tunalisema kwa Walutheri wenzetu, jinsi fundisho hilo linavyoweza kugeuzwa kuwa godoro la kulalia. Mtu hukariri Waefeso 2 aya ya 8 na ya 9, akasinzia kabla ya kufika aya ya 10, ambayo inasema tuliumbwa kwa ajili ya matendo mema na kwamba Mungu aliyatengeneza tangu awali. Luther mwenyewe hakusinzia pale. Mwaka 1520, katika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo, alifundisha kwamba yule aliyewekwa huru na Kristo anakuwa mtumishi wa kila mtu, kwa kuwa hana tena haja ya kujihesabia thawabu.

Mzee mmoja wa kanisa alitupinga hapa, na hoja yake si nyepesi. Alisema, "Mchungaji, wale watoto wanalazimishwa. Mwalimu ana daftari, anaandika nani amekuja. Hayo ni matendo ya sheria." Ni kweli daftari lipo. Ni kweli pia kwamba wapo wanaoegemea fagio dirishani wakisubiri gari la kuwarudisha. Lakini tulimwuliza mzee kama mtoto wake alianza kusema "shikamoo" kwa hiari. Mtoto husukumwa kisogo mpaka aseme. Miaka inapita, siku moja anamsalimia mzee asiyemjua, njiani, hakuna anayemwona. Lini ililainika ile "shikamoo" ikawa yake? Hakuna awezaye kusema. Na wengine haiwi yao kamwe, hata hilo tukubali.

Mzee huyo huyo ndiye aliyetaka kumwondoa binti yake shuleni pale. Likizo ya Juni binti alirudi nyumbani, na kabla ya kula akafanya ishara ya msalaba mbele ya wajomba. Baba aliweka kijiko chini. Siku ya pili alikuwa nyumbani kwetu, ameketi ukingoni mwa kiti, akisema ada ya muhula ujao ataipeleka shule nyingine, hata kama binti atarudia kidato. Halikuwa jambo dogo. Binti alikuwa anafanya vizuri, na katika familia ile hakuna msichana aliyewahi kufika Kidato cha Nne.

Hatukubishana naye. Tulichukua Katekisimo Ndogo, ile ile aliyofundishwa yeye kwenye Kipaimara, tukafungua sehemu ya sala za asubuhi na jioni. Pale Luther anaelekeza kwamba mtu akiamka, na tena akienda kulala, ajibariki kwa ishara ya msalaba. Mzee alisoma akiwa ameushika mwanga wa dirisha, akasoma tena. "Kwa hiyo Luther naye alikuwa Mroma," akasema. Tukamwambia ndiyo, alikuwa mtawa wa Kiaugustino na padre, na hakukusudia kuanzisha kanisa letu. Alinyamaza. Kisha akauliza kama chai ipo.

Binti alirudi shuleni. Ada ilichelewa kwa sababu ya bei ya nyanya, si kwa sababu ya msalaba.

Sasa jambo ambalo hatuna katekisimo ya kulimaliza. Jumapili, Misa inapofika wakati wa Komunyo, wasichana wetu hubaki wameketi. Wenzao wa kitanda cha juu na cha chini wanapanda mstari, wao wanavuta miguu ili wengine wapite. Kanisa Katoliki halijafungua meza yake kwetu, na sababu zake tunazijua, ni za imani, si za dharau. Lakini mtoto wa miaka 15 hasikii sababu, anasikia miguu ikipita. Jumamosi moja, baada ya kipindi cha Kipaimara, mmoja alituuliza: "Mchungaji, kama tunafua mashuka ya wagonjwa pamoja, mbona hatuli pamoja kwa Yesu?"

Tuliwaeleza yaliyokwisha kufanyika, kwa sababu si kwamba hakuna aliyejaribu. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Fungamano la Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, kwamba katika kweli za msingi za fundisho hilo wanakubaliana. Tarehe kama hiyo mwaka 2016, Papa Francis alisali na viongozi wa Kilutheri huko Lund, Sweden, na tamko lao likataja wazi uchungu wa wale wanaoshiriki maisha yote lakini hawawezi kushiriki meza moja. Siku hiyo hiyo mashirika ya huduma ya pande zote mbili, Caritas na lile la Fungamano, yaliahidi kufanya kazi pamoja kwa ajili ya wahitaji. Na hapa nchini makanisa yetu yana Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii tangu 1992, kwa ajili ya shule na hospitali. Kwa maneno mengine, tulikubaliana kuhusu mashuka kabla ya kukubaliana kuhusu mkate.

Binti alisikiliza kwa adabu. Akasema, "Kwa hiyo bado." Tukasema bado.

Tunapowapa Chakula cha Bwana mle darasani, mara moja kwa mwezi, sista mkuu huja mapema. Anafuta ubao mwenyewe, kwa sababu mara nyingi kuna milinganyo ya kemia imebaki. Anatandika kitambaa cheupe juu ya meza ya mwalimu, anaweka maua ya bustani kwenye glasi, kisha anakwenda kukaa dawati la nyuma kabisa. Anaimba nasi nyimbo zetu, sauti ya pili, na hakosei. Wasichana wanapopiga magoti kuizunguka meza aliyoitandika yeye, anabaki dawatini, mikono magotini. Wanamwona. Safari hii zamu ya kuketi ni yake, na sisi hatujawahi kufika mwisho wa ibada ile bila kumtazama.

Muhula huu vijana wa usharika wameomba kujiunga na kundi la hospitali siku za Jumamosi. Kikao cha wazee kilichukua muda mrefu, kikahangaika na nani atanunua sabuni na nani atafuatana na vijana. Mzee wetu wa msalaba alisema hakubaliani na Rozari, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba hakubaliani. Ikaandikwa. Kisha akasema ana katoni mbili za sabuni ya mche dukani kwake, zije zichukuliwe Ijumaa kabla hajafunga.